Maswali ya wasomaji: Maji matupu yameonyesha malaria

Mhariri, salaam. Tunapima malaria kwa PCR, njia ya kuzidisha nakala za DNA ya kimelea kwenye mashine. Kwa wiki tatu sasa kichupa cha maji matupu, kisichotiwa sampuli yoyote, kinatoa mkanda hafifu kwenye jeli, mahali palepale unapotokea mkanda wa mgonjwa. Tumebadilisha maji na praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kila nakala), bado upo. Nasikia kuna kimeng'enya cha kuondoa uchafu huu. Kitatufaa? — Dada wa maabara, Kisauni

Kitawafaa, dada, ila si kwa uchafu mlio nao leo. Mkanda ukitokea mahali palepale pa mgonjwa, mshukiwa wa kwanza ni mazao ya vipimo vyenu vya nyuma. Kila mzunguko huzidisha nakala maradufu, na baada ya mizunguko 35 nakala moja inaweza kufikia zaidi ya bilioni 34. Mnapofungua kichupa ili mpeleke mazao kwenye jeli, tone lisiloonekana kwa macho hubeba nakala tele hadi kwenye pipeti, glavu na mkono wa friza.

Kimeng'enya chenyewe ni UNG. Kazi yake ni kung'oa besi (yaani herufi) ya yuresili kutoka kwenye DNA. DNA ya kimelea na ya mgonjwa hutumia thaimini, kwa hivyo haiguswi. Njia iliyochapishwa mwaka 1990 ni hii: badala ya dTTP, tofali la DNA lenye thaimini, mnatia dUTP, lenye yuresili, ili kila nakala mnayotengeneza iwe na alama ya yuresili. Kipimo kinachofuata huanza kwa nyuzi 50 kwa dakika 2, UNG ikizing'oa yuresili za nakala zilizopeperuka. Kisha nyuzi 95 kwa dakika 10: nakala hizo hukatika pale palipong'olewa, na UNG hupoteza nguvu kabla nakala mpya hazijaanza kutengenezwa.

Sasa mnaona shida ilipo. Uchafu wa leo ulitengenezwa kwa dTTP, hauna alama, na UNG itaupita kana kwamba ni DNA ya mgonjwa. Safisheni kwanza. Dawa ya kupaushia ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa sita vya maji, inawapa asilimia 0.5. Ichanganyeni siku hiyohiyo, iacheni juu ya meza dakika 10, kisha futeni kwa maji safi, maana inakula chuma. Isikutane kamwe na vimiminika vya kutolea DNA vyenye guanidini: hutoa gesi ya sumu. Tupeni praima na maji yaliyokwisha kufunguliwa, halafu hamieni dUTP kwa vipimo vyote kwa pamoja. Mkiacha kipimo kimoja kikiendelea na dTTP kwa praima zilezile, mmerudi mlikotoka.

Kwa kichupa cha maikrolita 25, anzeni na matofali mengine matatu ya DNA, dATP, dCTP na dGTP, maikromola 200 kila moja, dUTP maikromola 400, UNG robo yuniti, na Taq, kimeng'enya kinachotengeneza nakala, kama kawaida. Magnesi jaribuni kuanzia milimola 2.5, mkipanda kwa nusu nusu, kwa sababu dUTP iliyozidi huishika. Msitumie vimeng'enya vinavyosahihisha makosa kama Pfu: vikikutana na yuresili kwenye uzi vinakwama.

Kisha ipimeni UNG yenyewe. Chukueni mazao ya dUTP, yapunguzeni makali mara milioni kwa maji, mtie kiasi sawa kwenye vichupa viwili, kimoja na UNG, kingine bila. Mikanda ikilingana, UNG yenu imekufa. Fanyeni hivyo kwa kila shehena mpya. Na jueni kwamba vipande vifupi vya chini ya besi 100, au vyenye yuresili chache, huondolewa kwa shida.

Jambo moja linalowaponza wengi: UNG ya kawaida, ya bakteria, haifi kabisa kwa joto; hubaki na nguvu kidogo. Mazao yakilala kwenye mashine usiku kucha kwa nyuzi 4, asubuhi mkanda umefifia. Malizieni mashine ikiwa nyuzi 72, kisha pelekeni jeli au friza papo hapo.

Mimi ni mwanafunzi wa huku Tudor. Jeli yangu ina ukungu mzito chini kabisa, kwenye sampuli na kwenye maji pia. Je, nami nitumie UNG? — Mwanafunzi

Hapana. Wako ni praima zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe, na joto letu linachangia. Msimu wa kaskazi meza hufika nyuzi 30, na Taq ya kawaida huanza kazi polepole kabla hujafunga kifuniko. Nunua Taq iliyofungwa, yaani isiyofanya kazi hadi ipashwe joto. Iliyofungwa kwa kingamwili hufunguka kwa nyuzi 95 kwa takriban dakika 2. Iliyofungwa kwa kemikali huhitaji takriban 10. Ukiipa ya kemikali dakika 2 tu, kipimo kitakuwa dhaifu nawe utailaumu sampuli.

Angalia na mikono. Vichupa vikitoka friza hapa pwani hutoka jasho mara moja. Vifute na uvizungushe sekunde 10 kabla ya kufungua. Kimeng'enya kimo kwenye gliseroli ya asilimia 50, hakigandi kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na ni kizito: gusisha ncha ya tipu juu juu tu. Ukiizamisha, utabeba ziada kwa nje.

Je, UNG inafaa kwa dengi, ambayo virusi vyake ni vya RNA? — Likoni

RNA haiguswi, ijapokuwa ina yuresili. Hatari iko kwenye kipimo cha hatua moja: RNA inapogeuzwa kuwa DNA kwa nyuzi 50 huku dUTP imo, UNG ya bakteria huishambulia DNA hiyo changa. Agiza UNG ya samaki aitwaye kodi, wa bahari baridi za kaskazini, ambayo huharibika kabisa kwa joto. Ipe dakika 5 kwenye joto la chumba, kisha ugeuze RNA kwa nyuzi 55.