Kabla ya Kusema "Najua"

Kwa miaka mingi nimekuwa mhariri wa habari, na hakuna swali ninalowauliza waandishi mara nyingi zaidi ya hili: "Umejuaje?" Wapo wanaoliona kuwa ni usumbufu, hasa pale habari inapothibitika kuwa ya kweli. Ningependa kueleza kwa nini naling'ang'ania, na kwa nini nakushauri nawe ulizoee hata kama kazi yako si ya uandishi.

Mwandishi mmoja alileta habari kwamba soko la mjini lingefungwa Jumatatu kwa ajili ya ukarabati. Alikuwa na picha ya tangazo lenye mhuri, lililobandikwa getini. Jumatatu ilipofika soko lilifungwa kweli, ila ni kwa sababu bomba kuu la maji lilipasuka usiku na kufurika hadi vizimbani. Tangazo lile lilikuwa la mwaka uliotangulia, na hakuna aliyekumbuka kulibandua. Aliamini, alichokiamini kilikuwa kweli, na sababu ya kuamini alikuwa nayo. Je, alijua? Mimi nasema hakujua; alibahatika.

Edmund Gettier, mwanafalsafa wa Marekani, aliliweka swali hili wazi mwaka 1963 katika makala ya kurasa 3 tu. Wengi waliridhika kwamba maarifa ni imani ya kweli yenye sababu za kutosha, ingawa Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikwisha kulipima wazo la namna hiyo bila kuridhika nalo. Gettier akatoa mfano wa Smith, ambaye ana ushahidi mzuri kwamba Jones ndiye atakayepata kazi na kwamba Jones ana sarafu 10 mfukoni, akahitimisha kwamba atakayepata kazi ana sarafu 10 mfukoni. Kazi anaipata Smith mwenyewe, na mfukoni mwake, bila yeye kujua, zimo sarafu 10. Mwaka 1967 Alvin Goldman, mwanafalsafa mwingine wa Marekani, alipendekeza kwamba ili mtu alijue jambo, jambo lenyewe sharti liwe limechangia kumfanya aliamini. Pendekezo hilo halitufai sana katika hisabati, maana namba hazisababishi kitu, lakini katika mambo ya kila siku sijaona kipimo bora zaidi. Tangazo la mwaka jana halikuhusiana kwa lolote na bomba lililopasuka.

Kwa hiyo fuatilia unachokiamini hadi kilikoanzia. Ukiambiwa kwamba watu watatu wamethibitisha, uliza kila mmoja alisikia kwa nani, maana mara nyingi wote wamesoma ujumbe uleule uliosambazwa kwenye kundi la WhatsApp, na hapo una shahidi mmoja aliyenukuliwa mara tatu. Wanazuoni wa hadithi za Mtume Muhammad walilifahamu hili karne nyingi zilizopita: pamoja na matini, yaani maneno yenyewe, waliikagua sanadi, yaani mlolongo wa waliopokezana maneno hayo, mpokezi baada ya mpokezi, wakichunguza kama kweli huyu aliweza kukutana na yule.

Sikushauri umshuku kila mtu. Siku niliyozaliwa naijua kwa kuambiwa na mama, nami nasema naijua bila wasiwasi, kwa kuwa aliyeniambia alikuwepo. Ukali wa uchunguzi ulingane na madhara ya kukosea. Habari za mvua ya jioni zinaweza kupita. Za dawa, za kiwanja kinachouzwa au za heshima ya mtu zinastahili umfuate aliyeshuhudia mwenyewe, na usipompata, useme "nimesikia".