Kabla Hujajiunga na Muungano wa Kuwasaidia Wasio na Makazi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba mashirika, nyumba za ibada na ofisi ya ustawi wa jamii ya eneo lake vimeunda muungano wa kushughulikia tatizo la watu wasio na makazi, naye anataka kujiunga lakini hajui aanzie wapi. Nilimjibu kwa ufupi, ila swali lake limebaki moyoni mwangu, kwa sababu nimekuwa katika muungano wa namna hiyo kwa miaka kadhaa. Kwa yeyote mwenye nia kama yake ninalo neno moja: kagawe blanketi na chakula ukipenda, lakini moyo wako uuweke kwenye orodha ya majina.

Nilipoanza, kila shirika lilikuwa na watu wake na daftari lake. Mtu yuleyule angepewa chakula na kundi moja jioni, akafungwa kidonda na kundi jingine asubuhi, akahojiwa upya na kila aliyepita, na bado asipatikane hata mmoja mwenye wajibu wa kumtafutia chumba. Mambo yalibadilika tulipokubaliana kuwa na orodha moja inayoonyesha jina la mtu, mahali anapolala, hati alizonazo, mahitaji yake na mhudumu anayemfuatilia. Kila anayeandikwa huombwa idhini kwanza, na habari zake hazitoki nje ya wale wanaomhudumia.

Kutokana na orodha hiyo nilikabidhiwa mzee mmoja aliyekuwa amekwama kwa jambo linaloonekana dogo. Kitambulisho chake kilipotea siku alipofukuzwa mahali alipozoea kulala na mizigo yake ikatupwa. Bila kitambulisho hakuna mwenye nyumba aliyekubali kuandikiana naye mkataba, na bila anwani hakuweza kupata kitambulisho kipya. Nilizunguka naye ofisi hadi ofisi, mpaka ikakubaliwa kwamba atumie anwani ya muungano. Alipopata chumba, majuma ya mwanzo alilala sakafuni karibu na mlango, viatu miguuni na mfuko wake kifuani, huku kitanda kikiwa kitupu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kazi haiishi siku ya kukabidhi ufunguo: mtembelee, msaidie kuelewana na majirani, hakikisha kodi inalipwa. Naandika kwa fahari kwamba bado ni mpangaji wa chumba kilekile, na siku hizi yeye ndiye anayenikaribisha kiti.

Utakutana pia na ubishi, hasa kuhusu nani anastahili. Katika vikao vyetu walikuwapo walioshikilia kwamba mlevi aache pombe kwanza ndipo apewe nyumba. Hoja hiyo imejibiwa kwa vitendo tangu 1992, mwanasaikolojia Sam Tsemberis alipoanzisha mjini New York mpango wa kuwapa nyumba watu wenye maradhi ya akili na uraibu bila kuwawekea sharti la kupona kwanza, kisha huduma zikawafuata humo. Ufini iliufanya mwelekeo huo kuwa sera ya taifa kuanzia 2008, na mabweni mengi ya muda yakageuzwa kuwa nyumba za kupangisha zenye wahudumu karibu. Mtu hatulii akatumia dawa zake ipasavyo ilhali hajui usiku atalala wapi.

Lipo jambo lililoniuma, na bado linaniuma. Wafadhili walipokuja kutembelea muungano, waliosimamishwa kupongezwa ni viongozi ambao hawakuwahi kufuatilia jina hata moja katika orodha, na nilipoomba kusema neno niliambiwa kwamba wanaojitolea hawana nafasi katika ratiba. Hata huyo mzee, ambaye habari zake zilisomwa kwa sauti mbele ya wageni, hakuwa amealikwa. Muungano unaozungumza juu ya watu wasiokuwamo ukumbini umepotoka, tena umepotoka vibaya. Waliowahi kulala nje wawe wajumbe kamili wenye kura, warudishiwe nauli, na posho wapewe kama wataalamu wengine wanavyopewa. Wewe unayejiunga, lidai jambo hilo tangu mwanzo, na usikubali kunyamazishwa kwa kuambiwa kwamba wakati wake bado.

Ndugu msomaji, uliniuliza pia kama asiye na fedha wala cheo ana nafasi. Anayo, tena kubwa. Miungano mingi ina wasemaji wa kutosha, lakini inakosa mtu wa kuandika kumbukumbu za kikao kwa uaminifu, wa kumpigia simu mwenye nyumba aliyeahidi chumba, au wa kumsindikiza mtu hospitali na kumsubiri hadi atoke. Chagua kazi moja kati ya hizo na uishikilie. Kabla ya kujaza fomu ya uanachama, mwombe mratibu akuruhusu uhudhurie kikao kimoja cha jumla, uangalie kama kila jina lina mtu anayeulizwa amefanya nini tangu kikao kilichopita.