Mnaoanza simulizi za mapenzi, hebu amueni anayesimulia ni nani

Wadogo zangu, nimepitia vipande mlivyotuma kwenye grupu wiki hii, nawapenda sana ila mmenichosha. Karibu vyote vina ugonjwa uleule. Aya ya kwanza nipo kichwani kwa binti, moyo unamwenda mbio, aya ya pili nimehamishiwa kichwani kwa jamaa anawaza anavyompenda yule binti hadi usingizi haumjii, aya ya tatu mpaka mama mwenye nyumba naye anawaza. Sasa mimi msomaji nimebakiwa na nini cha kusubiri? Simulizi ya mapenzi inatembea kwa sababu mmoja hajui mwenzake ana nini moyoni. Ukishanifungulia vichwa vyote viwili sehemu ya kwanza, arosto, ile kiu ya kusubiri kipande kinachofuata, itoke wapi?

1. Kabla ya kuandika chochote jiulize nani hajui. Siri iko kwa mwanaume, tuseme ana mke Morogoro, basi simulia kwa jicho la mwanamke. Siri iko kwa mwanamke, geuza. Mnakimbilia nafsi ya kwanza kwa sababu inagusa, na kweli inagusa, lakini steringi anayesema "mimi, mimi" halafu anatuficha sisi tunaoishi kichwani mwake kitu anachokijua toka sehemu ya 1 hadi ya 30, huo ni utapeli na wasomaji hawasahau. Sisi tuliosoma vile vitabu vya Mills & Boon kwa kuazimana mpaka jalada linang'oka, ile kampuni ya riwaya za mapenzi ya London ya toka 1908, tunakumbuka vingi vya zamani vilikuwa nafsi ya tatu lakini jicho la binti tu. Jamaa unamwona kwa nje, kanuna, kakunja ndita, hujui anapenda au anadharau mpaka kurasa za mwisho. Kichwa cha mwanaume walikuja kukizoea baadaye. Hawakuwa wajinga wale.

2. Ile "a" ya nafsi ya tatu itawaumbua. "Akamvuta, akamwangalia machoni, akamwambia hawezi kuishi bila yeye." Nani kamvuta nani? Kiswahili hakikuambii ni mwanamke au mwanaume, na kwenye mahaba watu wawili wako karibu mno kiasi kwamba msomaji anapotea. Kaa na mmoja, taja jina anapobadilika mtendaji, au nenda "nikamvuta" ubishi uishe. Na msiniletee "yule kijana mtanashati" kila mstari eti mnakwepa kurudia jina, hakuna binti anayemuwaza mpenzi wake hivyo.

3. Msimulizi hawezi kuona mahali ambapo hayupo. Hapa ndipo nilipoumbuka mimi mwenyewe, ngoja niwasimulie maana naona mnaelekea hukohuko.

Nilikuwa na simulizi ya binti anaitwa Nuru, nafsi ya kwanza, watu wanalipia kwa M-Pesa, naachia kipande usiku, nikiamka komenti zimejaa, kichwa kikavimba. Kufika katikati nikaona mambo yamepoa, nikataka wasomaji wajue mpenzi wake Juma anamsaliti, nikamuweka Juma gesti Sinza na mwanamke mwingine, feni inalia, mpaka rangi ya khanga iliyoanguka chini nikaitaja. Kilikuwa kipande kitamu kuliko vyote nilivyowahi kuandika. Tatizo Nuru yuko Tanga kwenye msiba wa bibi yake na ndiye anayesimulia! Komenti ya kwanza kabisa, mama mmoja: "Sasa Nuru kayajuaje haya, au alikuwa chini ya kitanda?"

Basi. Toka siku hiyo kila nikiposti wanauliza leo Nuru kajificha wapi, kabatini? Ningenyamaza tu ingepita, lakini mimi nikaanza kuziba. Nikaandika kwamba Nuru alikuja kuhadithiwa na mhudumu wa gesti, wakauliza mhudumu naye alikuwa chumbani? Nikasema aliota. Jamani, aliota, na rangi ya khanga kaiota! Mwisho nikahamia "mimi" ya Juma bila kuandika juu kwamba sasa anaongea Juma, kuna dada akasoma "nilipomfungua zipu ya gauni" akajua ni Nuru huyo, akanifuata inboksi na ukali wote anataka hela yake. Nikamrudishia, na wenzake wakafuata. Simulizi ile haina mwisho mpaka leo.

Hela nilishasahau, kinachoniuma ni kwamba kipande nilikuwa nacho mkononi. Ningembakiza Nuru Tanga, kalala mkekani na wanawake wa msibani, anapiga simu haipokelewi, saa tano usiku inaingia meseji "nipo kikao, nitakucheki". Nikaishia hapo. Gesti msomaji angeijenga mwenyewe, na angeijenga mbaya kuliko yangu.

4. Kupokezana vichwa ruhusa, ila kipande kwa kipande, na jina juu. Na kama Juma na Nuru wanaongea sawasawa, futa mmoja.

5. Ukitaka tumsikie na mwenzake bila kuhama kichwa, kuna meseji, voisi noti, hata barua. Zitumieni.

6 au 7, sijui nimefika ya ngapi: "Nikajitazama kwenye kioo, macho yangu ya duara, kiuno changu cha nyigu..." Acheni!! Anayejitazama hivyo ni mgonjwa.

Halafu ukiandika "mimi" watajua ni wewe. Mimi shangazi yangu alishapiga simu kunipa pole kwa talaka na wakati huo sijawahi hata kuoa. Na nyie wanaume mnaoandika "mimi" ya kike, andikeni tu, ila mpe dada yako asome kwanza. Wangu alinirudishia kipande cha kubusiana kwenye mvua, nilichokililia machozi wakati naandika, kauliza swali moja tu: huyu si umesema asubuhi ametoka kuseti nywele saluni, mbona hakimbii?