Fuata pesa: nilivyowasaka wahenga wa mume wangu Ayalandi

Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Lowell, Massachusetts, alikuwa na maneno machache tu kuhusu asili yake: "Walitoka Cork, na mmoja wao alifia vitani." Cork ni kaunti nzima; sehemu gani, hakuna aliyejua. Ni kama mtu akuambie kwao ni Tanga, basi. Mimi natoka Moshi, kihamba chetu nakijua na kaburi la babu yake babu naweza kukuonyesha, kwa hiyo jibu hilo halikuniingia. Nimehangaika na ukoo huo miaka mitatu. Naandika kwa ajili yenu mliooa au kuolewa huku ughaibuni, na sasa watoto wameanza kuuliza.

Sensa isahau kwanza. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu pale Four Courts, Dublin, lililipuka. Karibu sensa zote za 1821 hadi 1851 zikawa majivu, pamoja na wasia za karne kadhaa. Za miaka iliyofuata serikali ilikuwa imeziharibu yenyewe. Zilizobaki nzima ni za 1901 na 1911, na waliokimbia njaa kuu ya 1845 hadi 1852 walikuwa wameshavuka bahari zamani. Halafu Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000. Usipokuwa na jina la kitongoji, au angalau la parokia, huendi kokote.

Nilipokwama hapo ndipo nikakumbuka mirathi ya baba. Kikao cha ukoo kilikaa, muhtasari ukaandikwa kwa ajili ya Mahakama ya Mwanzo, na humo akatajwa kila mtu, hata yule ndugu yetu wa nje ambaye nyumbani jina lake halikuwahi kutamkwa. Karani wa sensa mtu humjibu akiwa mlangoni, mradi aondoke. Penye fedha watu hutajana wote. Nikaamua kutafuta palipokuwa na fedha.

Fedha ya kwanza ni pensheni ya vita. Waayalandi wapatao 150,000 walipigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kwa sheria ya Julai 1862, mjane wa askari wa kawaida alistahili dola 8 kwa mwezi, lakini lazima athibitishe ndoa na watoto. Kadi za faharasa ziko kwenye tovuti ya FamilySearch bure. Faili lenyewe unaliagiza Hifadhi ya Taifa, Washington, kwa malipo.

Na malipo hayo nilianza kwa kuyatupa. Nilimtafuta Jeremiah, yule aliyefia vitani, nikampata Jeremiah, jina la ukoo lilelile, kikosi cha Massachusetts, nikalipa. Faili likaja nene, la mtu wa watu. Mke mwingine, watoto wengine. Mwezi mzima nilikuwa nikimruka mtu mwingine aliyeandikwa Darby, kumbe kule Cork, Darby na Jeremiah ni jina moja, yote yakisimama badala ya Diarmuid la Kiayalandi. Kule kwetu nani asiyejua kwamba Mudi ni Mohamed? Kabla hujalipa senti, jua majina ya utani ya kaunti husika, na jaribu jina la ukoo likiwa na ile O' mbele na likiwa halina.

Faili la Darby lilikuwa na kurasa 46. Askari wa kikosi cha 28 cha Massachusetts, aliuawa Fredericksburg tarehe 13 Desemba 1862. Ukurasa wa kumi na moja ni kiapo cha jirani aliyekuwa mkunga wa mjane. Hajui kuandika: karani ameandika jina lake, katikati ameacha nafasi, na mama huyo ameweka alama ya X iliyopinda, wino umemwagika kidogo upande wa kulia. Anaapa kwamba amemjua mjane tangu utotoni, "parokia moja, karibu na Skibbereen." Mji huo uko Cork. Nilisimama jikoni nikampigia mama mkwe usiku ule ule.

Usilifunge faili hapo. Mjane akiolewa tena alipoteza pensheni, ikahamia kwa watoto wasiofika miaka 16, nao walihitaji mlezi aliyeteuliwa na mahakama ya mirathi. Ndivyo karatasi za jeshi zinavyokuvusha hadi mahakama ya kaunti. Kwetu ilikuwa kaunti ya Middlesex, na nilipokuwa namtafuta mlezi nikakutana na mdogo wake Darby, kapera, kibarua, aliyekufa 1884 na akiba kidogo benki.

Sasa nikuambie jambo ambalo watu hawaliamini: omba mhenga wako awe amekufa bila wasia. Mwenye wasia huandika "vyote kwa mke wangu mpenzi" akamaliza. Kapera asiye na wasia ndiye dhahabu, maana anayeomba usimamizi wa mirathi analazimika kuorodhesha warithi wote, uhusiano wao na wanakoishi. Ya kapera wetu ilitaja wapwa wa Lowell na dada mmoja aliyebaki Ayalandi, jina la kitongoji likiwa limeandikwa kwa makosa lakini linasomeka. Nikalipeleka kwenye tathmini ya ardhi ya Ayalandi, iitwayo ya Griffith, ya 1847 hadi 1864, nayo bure mtandaoni. Baba yao yumo, mpangaji.

Kama wako alitumikia jeshi la Uingereza, nenda kwenye mafaili ya askari waliopewa pensheni, yenye namba WO 97, katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza pale Kew, London, ambayo mara nyingi hutaja parokia alikozaliwa askari. Wasia za askari wa Kiayalandi wa Vita vya Kwanza, zipatazo 9,000, ziko kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi, na hapo hapo kuna orodha za mirathi za kuanzia 1858, ambazo moto haukuzimaliza.

Dada yule nilimpata kwenye sensa ya 1901, kitongoji kile kile, mjane, anazungumza Kiayalandi na Kiingereza, hajui kusoma, miaka 58. Nikafungua ya 1911: nyumba ile ile, mwanawe yule yule, bibi ana miaka 75. Nilidhani nimekosea tena mtu. Mume wangu ndiye aliyekumbuka kwamba Januari 1909 serikali ilianza kuwalipa pensheni wazee waliofikisha miaka 70.