Kabla hamjapeleka jaribio la dawa nyumbani kwa mgonjwa, muulizeni kwanza atakayeamua kama dawa italipiwa

Wandugu, kuna jambo nilijifunza kwa uchungu hapa Bukavu na sitaki mwingine alirudilie. Nilikuwa nakusanya data kwenye jaribio la dawa za tansio, yaani presha ya damu, ile aina ambayo mgonjwa haji lopitali, anajipima kwake na namba inatumwa kwa telefone. Kazi niliipenda sana, ju mama wa Kadutu, mtaa wetu wa milima, hawezi kila wiki kupanda na kushuka akilipa pikipiki, eti apimwe dakika tano.

Siku moja nikaona mama mmoja namba zake ziko 12/8 kila asubuhi, mwezi mzima. Nikaenda kwake. Kumbe mashine iliisha betri kitambo na mjukuu njo alikuwa anaandika, alisikia munganga akisema 12/8 ndiyo nzuri, basi akamuandikia bibi yake uzima. Mwingine alikuwa anajipima akitoka tu kuteka maji, bido ya maji bado iko mlangoni, tansio inapanda mpaka 17.

Hiyo tulirekebisha. Kilichotuua ni kingine. Tulipowafikia watu wa tathmini ya teknolojia za afya, yaani wale wanaopima kama dawa inastahili kulipiwa na pesa ya wote, wakauliza: wasio na androide, simu ya intaneti, wako wapi? Mulilinganisha na dawa gani, ile watu wanakunywa kweli hapa? Viharusi vilipungua? Betri, mega za intaneti na safari ya enfirmiye, nani atalipa? Sisi tulikuwa na namba za tansio tu, na muda ulikuwa umeisha.

Njo maana nasema nendeni kwao mapema, kabla protokole, yaani mpango wa jaribio, haijasainiwa. Angalieni jaribio la TIME la Uingereza, watu zaidi ya 21,000 walijiandikisha kwa intaneti, wakalinganisha kunywa dawa ya tansio asubuhi na jioni, na wakahesabu waliolazwa kwa moyo au kiharusi na waliokufa, kupitia rekodi za lopitali na za vifo. Mwaka 2022 wakatoa jibu: hakuna tofauti. Jibu kama hilo muamuzi analitumia. Kwetu rekodi haziungani hivyo, itabidi kupiga simu na kutuma mareko, wale wahudumu wa afya wa mtaa, mlango kwa mlango, na bajeti ya hiyo iwekwe tangu mwanzo.

Mutegemee pia watu kubadili dawa, ju nyumbani hakuna wa kuwasimamia. Kwenye ADAPTABLE, jaribio la Marekani lililolinganisha dozi mbili za aspirini, waliopewa aspirini ya miligramu 325 karibu 4 kati ya 10 walihamia ya 81. Muandike kila anayehama na lini.

Na mwenye telefone ya tochi musimuache, mpeni daftari na reko wa kupita Jumamosi. Anayekataa kabisa naye aandikwe, pamoja na sababu yake kwa maneno yake mwenyewe.