Mbatata kwenye joto la ghorofani: maswali ya wasomaji

Nakaa majumba ya Michenzani, Unguja, ghorofa ya juu kabisa. Nikinunua kilo tano za mbatata Jumapili, Alkhamisi nakuta mbili tatu zimeshatoa maji na jiko zima linanuka. Naziweka kwenye ndoo yenye kifuniko, chini ya sinki, panya asizifikie. Nakosea wapi? (Mama wa watu sita, Michenzani)

Ndoo ndiyo inayokuozeshea, mama, na sinki inaisaidia. Mbatata ikishachimbwa haijafa. Inaendelea kuvuta hewa na kutoa joto na unyevu. Ukiifungia, ule unyevu unapanda kwenye kifuniko, unageuka matone na kurudi juu ya maganda. Ganda likishinda na maji, vijidudu vya uozo vinapenya kwenye kila mchubuko. Moja ikipasuka, maji yake yanashuka kwa zilizo chini, na ndiyo maana hukuti moja iliyooza, unakuta tatu zilizopangana. Kuna na dosari nyingine: kwenye joto bila hewa, moyo wa mbatata hugeuka mweusi huku nje ikionekana nzima.

Tuseme ukweli wa hali yetu. Mbatata inapenda nyuzijoto 7 hadi 10. Nyumba ya Mjini wakati wa kaskazi inavuka 30, na ghorofa ya juu inazidi, kwa sababu zege la dari linashiba jua mchana na kulitoa usiku. Kwa hiyo usitafute zikae mwezi mzima. Kaskazi ukipata siku kumi umefaulu. Kusi likianza kuvuma, wiki mbili hadi tatu zinawezekana. Kwa watu sita, kilo mbili au tatu kila mara ni salama kuliko tano.

Fanya hivi. Chukua pakacha, kapu la ukili au kreti ya plastiki yenye matundu pande zote. Iinue juu ya vipande viwili vya mbao au matofali, hewa ipite chini. Panga mbatata tabaka mbili, zikizidi tatu. Funika kwa gunia la katani au kanga nzito ya rangi ya kiza. Usitumie mfuko wa plastiki. Mahali pazuri mara nyingi si jikoni kabisa, bali uvunguni mwa kitanda kwenye chumba kisichopigwa na jua la alasiri. Jiepushe na ukuta wa magharibi, na nyuma ya friji, ambako watu wengi huona kuna kiza na kusahau kuwa ndiko friji inakotupa joto lake.

Kila siku ya pili tia mkono. Iliyolegea au yenye ncha ya unyevu itoke siku hiyohiyo, na zilizogusana nayo zifutwe kwa kitambaa kikavu, zipikwe kwanza. Panya anazuiwa kwa wavu wa dirisha uliofungwa juu ya kapu.

Sokoni nichague vipi? Muuzaji ananihimiza nichukue zilizooshwa kwa kuwa ni safi. (Msomaji wa Mwanakwerekwe)

Zilizooshwa ni za kupika leo. Za kuweka, chukua zenye vumbi la udongo mkavu. Maji ya kuoshea yanapita mbatata moja hadi nyingine pamoja na uozo, na ganda halikauki vizuri zikirundikwa tena.

Kabla ya kuchagua, uliza: mzigo umeshuka lini? Mbatata zetu karibu zote zinatoka bara, nyanda za juu za Njombe, Mbeya na Iringa, nyingine Lushoto. Zinapanda lori, zinavuka bahari, na kila siku ya safari ndani ya polo lililobanwa ni siku iliyokatwa kwenye umri wake. Mzigo wa jana na mzigo wa wiki iliyopita vinaweza kukaa meza moja kwa bei moja.

Kisha tumia dole gumba. Lisugue ganda: likichubuka kirahisi kama ngozi ya kitunguu kibichi, mbatata imechimbwa changa na ganda halijakomaa. Tamu kweli, lakini haiwekeki. Ibonyeze kidogo ncha zote mbili, kwani ulaini huanza huko. Angalia macho yake: vijitundu vyenye vumbi jeusi kama unga wa kahawa ni njia za funza wa nondo, na ndani kuna mifereji. Jeraha la jembe lililokauka likawa kama kigaga halina tabu. Lililo bichi na linalong'aa, liache.

Kwenye mafungu, inua za juu uone za chini. Wauzaji hawana ubaya wote, lakini fungu lina uso wake.

Zikigeuka kijani, nikimenya inatosha? Mama mkwe anasema nitupe zote. (Bi harusi mpya, Kikwajuni)

Mama mkwe hayuko mbali, ila si lazima zote. Kijani chenyewe hakina madhara. Ni rangi ileile ya majani. Lakini mwanga unaoleta kijani huongeza pia sumu iitwayo solanini, na hiyo haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Nyingi hukaa karibu na ganda na kwenye machipukizi. Kama kijani ni doa, menya kwa unene wa milimita 3 au zaidi, kata macho, endelea. Kama kimeingia ndani, au ukionja kipande kilichopikwa ukakuta uchungu au muwasho kooni, tupa. Mtoto huumwa tumbo na kutapika kwa kiasi ambacho mtu mzima hakihisi. Na hayo maganda ya kijani msimwagie mbuzi wa jirani.

Friji je? (wengi)

Kwa mchuzi na urojo, sawa. Kwa chipsi, hapana. Baridi ya chini ya nyuzijoto 6 hivi inaigeuza wanga kuwa sukari, na sukari kwenye mafuta ya moto huungua: chipsi inakuwa ya kahawia na chungu nje, ndani haijaiva. Lakini kuziweka si marufuku: hata Uingereza, ambako zamani watu walikatazwa kabisa kuweka mbatata frijini, mamlaka yao ya chakula ililegeza ushauri huo mwaka 2023.

Ukiweka, zifunge kwa gazeti, uzitie kwenye droo ya chini; zikiwa mfukoni, mfuko uwe wazi. Umeme ukikatika kwa saa nyingi friji hutoa jasho, basi badilisha gazeti. Zilizokuwa frijini na unazitaka kwa chipsi, zitoe nje wiki moja kwanza; sukari hupungua, ingawa haiishi.

Sisi nyumba nne za fleti Chake Chake tunataka kununua polo zima kwa ajili ya Ramadhani na kugawana. Tunapata faida? (Msomaji wa Pemba)

Mnapata, mkikubaliana mambo matatu kabla ya pesa kutoka.

La kwanza, lipimwe. Polo lililofumwa kilemba juu halina uzito unaojulikana. Mzani ndio unaosema. La pili, ombeni litobolewe katikati, mtoe mbatata mbili na kuzikata vipande viwili. Mwenye mali atanuna, lakini polo ni pesa nyingi. Mkiona mviringo wa kahawia unaofuata umbo la mbatata kwa ndani, na ukibinya unatoka ute mweupe kama maziwa, liacheni polo lote. Ni ugonjwa wa shambani unaoendelea kuozesha hata baada ya mavuno.

La tatu, mgawane baada ya kuchambua. Tandikeni mkeka kivulini na mmimine polepole, kwa sababu kuanguka kwa urefu wa goti kunatosha kuacha jeraha ambalo litakuwa jeusi baada ya siku mbili. Fanyeni mafungu matatu: nzima, zilizojeruhiwa za kuliwa wiki hii, na za kutupa. Hasara ya fungu la tatu igawanywe sawa, asibebeshwe aliyechelewa kufika.

Lakini msinunue la mwezi mzima. Nunueni nusu yake siku mbili kabla ya mfungo, nusu nyingine katikati. Kama mnalo friza, mbatata mbichi haigandi vizuri; ikiyeyuka inakuwa nyeusi na yenye maji. Inayoganda vizuri ni iliyopikwa: chemsheni, pondeni, tieni chumvi, ndimu na bizari, finyangeni madonge ya kachori au katlesi, yagandisheni kwenye sinia yakiwa mbalimbali, ndipo yaingie mfukoni. Unga wa dengu au yai vinapakwa siku ya kukaanga.

Mbatata zangu za ukwaju zinabaki ngumu hata nikizipika saa nzima, na katlesi zangu zinapasuka kwenye mafuta. Mbatata mbaya? (Mpishi wa nyumbani, Wete)

Ya ukwaju si mbatata, ni mpangilio. Uchachu unaizuia mbatata kulainika, uwe wa ukwaju, ndimu, embe mbichi au tungule nyingi. Chemsha kwa maji na chumvi mpaka ncha ya kisu ipite bila kusukuma, ndipo utie ukwaju. Kama umeshatia na ziko ngumu, zitoe, zichemshe pembeni kwa maji matupu, uzirudishe.

Za katlesi, sababu ni mbili. Huenda zimelowa: zichemshe na maganda yake kuanzia maji baridi, mwaga maji, menya, rudisha sufuria kwenye moto mdogo dakika mbili ukitikisa mpaka mvuke upungue. Ya pili ni aina ya mbatata. Zipo zinazovurugika na kuwa unga, hizo ndizo za katlesi, kachori na chipsi. Na zipo zinazoshikana, za urojo na biriani. Wauzaji wengi hawaijui aina, basi zipime mwenyewe: robo kikombe ya chumvi kwenye vikombe 2 na robo tatu vya maji, koroga mpaka iyeyuke, tumbukiza mbatata nzima. Inayozama ni ya unga. Inayoelea, peleka kwenye mchuzi.

Niweke pamoja na vitunguu?

Hapana. Unyevu wa mbatata unavichipuza na kuviozesha vitunguu. Vitunguu vining'inize kwenye wavu roshanini, havidhuriki na mwanga.

Zimechipua. Nizile, au nizipande kwenye ndoo roshanini? (Msomaji wa Kilimani)

Chipukizi likiwa fupi na mbatata bado ngumu, ling'oe pamoja na jicho lake, upike. Ikiwa imekunjamana na imelegea, tupa.

Ukipanda, utapata majani mazuri sana. Mbatata inaanza kutunga chini ya ardhi usiku unapokuwa na ubaridi, kama wa nyuzijoto 15 hadi 20, na usiku wa Unguja haufiki huko. Utachimba vijimbatata kama gololi. Kwenye ndoo hiyo panda mchicha.