Beringi za gari la rimoti zinazokwaruza baada ya matope

Umeuliza kwa nini magurudumu bado yanakwaruza baada ya kupuliza WD-40 (dawa ya kopo ya kulegeza vyuma na kuzuia kutu). Ile ya kawaida huosha grisi na kuacha mchanga ndani. Itoe beringi, kisha ingiza ncha ya sindano kwenye ukingo wa ndani wa kifuniko cha mpira na ukiinue taratibu kisipinde. Loweka kwenye spiriti ya isopropili dakika 10, itikise, rudia hadi spiriti ibaki safi, halafu iache ikauke kabisa. Usiizungushe kwa upepo wa kompresa, gololi zitachubuka kwa kukosa mafuta.

Ikishakauka, beringi ya mota inatosha tone moja la mafuta mepesi. Ya gurudumu la matopeni weka grisi, theluthi moja tu ya nafasi. Ikijaa, beringi inakuwa nzito.

Ikiendelea kukwama-kwama kidoleni au kulegea na kuyumba baada ya kusafishwa, nunua mpya. Pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia vipimo vidogo) kwanza: 5x10x4 na 5x11x4 mm (tundu, upana wa nje, unene) zinafanana sana machoni ila haziingiliani. Unapoipachika kwenye habu (kitovu cha gurudumu), sukuma pete ya nje. Ukisukuma ya ndani, gololi zinaacha alama kwenye njia yake na beringi mpya inaanza kukwaruza siku hiyohiyo.